Unatoka Kilosa au Mikumi na unataka kuzunguka visiwa kwa boti? Anza na mwezi, si na bei

Ukikaa Mikumi unaviona kila wiki: vindege vidogo vinatua uwanja wa Kikoboga asubuhi, vinashusha watalii waliolala Zanzibar, wanazunguka hifadhini kuangalia simba na tembo, jioni wanarudi visiwani. Wao wameunganisha pori na bahari kwa siku moja. Sisi wa huku wengi tunaijua bahari kwa kupita tu, ukienda Dar kufuata mzigo.

Siku hizi vikundi vya vijana, wafanyakazi na hata maharusi wa Kilosa na Mikumi wanaanza kuulizia safari ya boti ya siku tatu au nne, kulala na kuamka visiwani. Inawezekana. Ila hela inapotea kirahisi, na bahari si mto Mkondoa. Hizi ndizo hesabu za kupiga kabla hujatuma hata shilingi ya kishika nafasi.

Tatizo la kwanza: kalenda yetu na ya bahari haziendani

Kwetu hela ya mavuno huingia Juni na Julai. Shule zinafunga, watu wana nafasi, kila mtu anataka kutoka. Bahati mbaya huo ndio wakati kusi limeshika.

Pwani yetu inaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ikitoka upande wa Asia. Kusi huanza baada ya hapo hadi kwenye Septemba au Oktoba, na makali yake ni Juni mpaka Agosti. Katikati ya pepo hizo kuna kipindi cha utulivu ambacho watu wa pwani wanakiita maleleji. Masika ya Machi hadi Mei nayo ina mvua, na maji yanachafuka, hata ukizamia huoni kitu.

Kwa hiyo kama mna uhuru wa kuchagua, wekeni akiba ya mavuno hadi Oktoba au Novemba, au Januari na Februari. Kama lazima iwe Julai, basi msivuke bahari wazi. Bakini upande wa magharibi wa Unguja, ambako kisiwa chenyewe kinakinga upepo, au ndani ya ghuba ya Chole kule Mafia.

Na hili la kusi si la kutishana. Meli ya MV Skagit ilizama Julai 18, 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Mwaka mmoja kabla, Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama usiku jirani na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Hizo zilikuwa meli kubwa. Wewe utakuwa kwenye chombo cha watu kumi.

Mwezi ndio unaopanga ratiba

Hapa ndipo watu wa bara tunapofeli, na mimi nikiwemo. Safari yangu ya kwanza tulifika ufukweni saa nne asubuhi, mabegi mgongoni, boti ikawa inaonekana kule mbali. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulitembea kwenye tope na majani ya bahari hadi mguu ukachanika na kome, na nahodha alikuwa anacheka tu.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kati ya kujaa na kupwa. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio unaandama, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita nne. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, tofauti ni ndogo.

Siku za bamvua eneo la Zanzibar, maji hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, yaani muda uleule ambao kila mtalii anataka kuondoka. Boti inakwama, au mnasubiri mchana. Siku za maji mafu mambo ni rahisi zaidi. Lakini kama mnachotaka ni kupiga picha kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, basi mnahitaji maji yakupwe, maana mafungu mengi yakijaa hayaonekani.

Fungua kalenda ya mwezi kwenye simu yako, tafuta tarehe, halafu ndiyo uulize bei. Ukimuuliza nahodha "tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi?" atajua hapohapo kwamba hushikiki kirahisi.

Visiwa gani?

Wa mara ya kwanza, nendeni Unguja. Vyombo ni vingi, ushindani upo, na visiwa viko karibu: Changuu na Bawe mbele ya Mji Mkongwe, Chumbe kusini kidogo, Kwale kwenye ghuba ya Menai ambako safari huanzia Fumba. Hata mmoja akitapika kutwa nzima, saa moja tu mmerudi nchi kavu.

Mafia ndiyo ninayoipenda mimi. Visiwa vya Chole, Juani na Jibondo viko jirani jirani, na Juani kuna magofu ya mji wa kale wa Kua. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Kuanzia Oktoba hadi kama Machi, papa potwe wanakuja kula karibu na Kilindoni. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini anakula vijidudu vya majini, hana habari na wewe. Msimguse tu, wala msimzibie njia. Ukiingia eneo la hifadhi unalipia kiingilio kwa kila mtu, na Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Tunza risiti, utaulizwa.

Kuhusu Pemba: kati yake na Unguja kuna mkondo mkali na kina kirefu. Wenye uzoefu wanavuka na wanafurahi sana. Kama nusu ya kundi lenu hawajawahi kupanda hata pantoni, iacheni kwanza.

Kufika huko

Kutoka Kilosa kuna SGR. Angalia vizuri unapokata tiketi, si kila treni inasimama Kilosa. Kutoka Mikumi ni basi la barabara kuu, karibu kilomita 300 hadi Dar. Kutoka Dar, boti za kasi hufika Unguja kwa kama saa mbili. Kwa Mafia, chukua gari Mbagala hadi bandari ya Nyamisati wilayani Kibiti, halafu kivuko hadi Kilindoni, au ndege kutoka Dar kama mfuko unaruhusu.

Chombo chenyewe, na pesa

Yoti za kulala, zile zenye vyumba na mpishi, zinapatikana zaidi Unguja na Dar upande wa Msasani. Bei yake hutajwa kwa dola na huwa ni ya chombo kizima, si ya kichwa. Mkiwa wanane mnagawana, mkiwa wawili mtalia. Mafia mara nyingi utapata jahazi au boti ya faiba yenye injini, na usiku mnalala kisiwani. Kwangu hiyo ni bora: mnalala kitanda kisichoyumba, hela inabaki kijijini.

Kabla ya kulipa, uliza mafuta ni ya nani. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Bei ya "boti siku tatu" inaweza kuwa haina mafuta, haina chakula, haina kiingilio cha hifadhi. Andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu, kila kilichomo. Muhimu zaidi, andikeni nini kinatokea hali ya hewa ikikataa: mnarudishiwa hela au mnahamishiwa tarehe nyingine? Nahodha aliyeshapokea hela yote na hana mpango wa kurudisha, ana sababu ya kuondoka hata siku ambayo hakupaswa.

Omba kuona cheti cha ukaguzi. Bara vyombo vinasimamiwa na TASAC, Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Hesabu laifu jaketi kwa macho yako, ziwemo za watoto, na kila mtu aivae kabla nanga haijang'olewa, si kuikalia. Angalia kama kuna redio au simu ya pili, na kama injini ni moja, tanga lipo?

Siku mbili kabla, fuatilia utabiri wa bahari wa TMA. Wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita mbili, hakuna safari. Hata kama nahodha anasema "hii kawaida". Kwake ni kawaida.

Vidogo vidogo

Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda, sio mkishaanza kutapika. Pesa taslimu bebeni, maana visiwa vidogo havina wakala kila kona. Mkishuka kijijini Chole, Juani au Tumbatu, vaeni nguo ya heshima, kanga begani inatosha.

Na tiketi ya kurudi Kilosa au Mikumi msiikate kwa jioni ileile mnayotoka visiwani. Acheni siku moja ya akiba katikati. Upepo ukigeuka, kivuko kinaweza kulala Kilindoni, na treni haitawasubiri.