Je, Wajua? Makupa, Mlango wa Kisiwa

Je, wajua kwamba zamani mtu aliweza kuingia kisiwa cha Mombasa kwa miguu? Maji yakipwa, mkondo wa Makupa ulivukika, nao Wareno wakajenga ngome ndogo pale kulinda kivuko. Hofu yao haikuwa ya bure: tayari mwaka 1589 wapiganaji wa kabila la Wazimba walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya bara, kisha wakavuka na kuuhujumu mji.

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa 1896, ilipita mkondo huo juu ya Daraja la Salisbury. Mwaka 1929 likawekwa tuta kuvuka mkondo huo. Magari na treni zilipata njia imara, ila bahari ndiyo iliyolipa: tuta liliziba maji yaliyokuwa yakipita kati ya hori za Tudor na Port Reitz, matope yakajaa, na taka za dampo la Kibarani zikazidisha balaa. Kwa mikoko na wavuvi, hiyo ilikuwa dhuluma ya miaka zaidi ya 90. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022, limeinuliwa kwa nguzo ili maji ya pande mbili yakutane tena.