Shusha Pumzi

Mkanda ulipouachia mkono wangu, nesi alitazama kioo cha mashine, akanitazama mimi, akarudia kioo. "Baba, 158 kwa 97." Mimi nilikuwa nimefuata goti. Presha sijawahi kuwa nayo, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu kwa wenzangu. Papo hapo nikaanza hesabu: marehemu mjomba, ada ya kitinda mimba, chumvi. Kijasho chembamba kikanitoka mgongoni.

"Hii siiandiki," akasema, akasogeza daftari pembeni. "Umepanda ngazi, umekunja miguu, na tangu uingie unaongea. Kanyaga chini miguu yote miwili. Egemea. Halafu shusha pumzi taratibu, kama unapoza chai. Narudi." Akaenda zake kwa mgonjwa mwingine, nikabaki na ukuta, bango la chanjo, na kazi ya kupoza chai isiyokuwepo. Baada ya dakika kama sita akapima tena: 136 kwa 86.

Presha inayopandishwa na wasiwasi wa hospitali madaktari huiita presha ya koti jeupe, na si mimi wa kwanza kupatwa nayo. Kilichonikaa kichwani ni maneno ya yule binti. Hakuniambia nitulie. Hakuniambia nivute pumzi. Alisema nishushe.

Lugha yetu imelijua jambo hili muda mrefu. Mwenye wasiwasi roho yake iko juu na matumbo yana joto. Habari njema zikifika, anashusha pumzi. Ajabu ni kwamba mtu akihamanika mbele yetu tunamzunguka na kumpigia kelele: "Vuta pumzi! Vuta pumzi ndefu!" Huo ni ushauri nusu, na mara nyingi ni ile nusu isiyofaa.

Jaribu kitu hapo ulipo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Ukiwa makini utasikia mapigo yakikaribiana hewa inapoingia, na kuachana inapotoka. Kwa vijana tofauti hiyo huwa wazi zaidi, na si ugonjwa. Moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Kila pumzi inapotoka, breki inakanyagwa.

Breki yenyewe ni neva iitwayo vagasi. Inaanzia kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni sambamba na mishipa mikubwa ya damu, inatoa matawi kwenye moyo na mapafu, kisha inaendelea hadi tumboni. Aliyebuni msemo wa matumbo joto hakuikosea ramani. Moyo ukiachwa bila neva yoyote hupiga mara 100 hivi kwa dakika, na waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine hukaa karibu na hapo hata wakiwa wamejilaza. Wewe na mimi tukipumzika tunapiga 60, 70, labda 80. Kumbe utulivu si gari lililozimwa. Ni gari linalotembea huku mguu umegusa breki. Ukishtuka, kinachotangulia ni mguu kuondoka kwenye breki. Adrenalini inafuata nyuma.

Kazi ya neva hiyo ilithibitishwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Otto Loewi, mtaalamu wa dawa mjini Graz, Austria, aliota jaribio usiku mmoja wa kipindi cha Pasaka, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala. Asubuhi mwandiko wake mwenyewe ukamshinda kusoma. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, yapata saa tisa, na safari hii hakungoja kuche, akaenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, ikiwa bado inapiga. Akaichochea kwa umeme vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachota maji ya chumvi yaliyokuwa ndani ya moyo huo, akayatia kwenye ule wa pili, ambao neva yake alikwisha kuiondoa. Nao ukapunguza mwendo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921. Kilichokuwa ndani ya maji yale baadaye kilitambuliwa kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Miaka miwili baadaye Wanazi walimfunga kwa sababu ni Myahudi, wakamlazimisha kuwakabidhi fedha za tuzo kabla hawajamruhusu kuondoka nchini.

Tabu ni kwamba vagasi haipokei amri. Mapigo hayaamrishiki, jasho halikatazwi, na tumbo ndilo kiziwi kuliko vyote. Ndiyo maana neno "tulia" halijawahi kumtuliza mtu. Pumzi ina tabia ya peke yake: ukilala inajiendesha, ukiamka inakusikiliza. Hapo ndipo penye mlango.

Sasa mtazame aliyeshikwa na hofu ya ghafla. Anapumua harakaharaka, kwa kifua cha juu. Hewa ya ukaa inatolewa kupita kiasi, inapungua kwenye damu, na ikipungua mishipa ya ubongo inasinyaa. Kizunguzungu kinamjia, midomo na vidole vinafa ganzi, kifua kinabana. Anaamini anakufa, kwa hiyo anapumua haraka zaidi. Ukimwambia avute pumzi ndefu unamwongezea kile alicho nacho tele. Oksijeni hajapungukiwa. Mwambie atoe pumzi, tena polepole, midomo ameikunja kama anayepuliza mkaa bila kutaka majivu yaruke.

Ubongo wenyewe huipeleleza pumzi. Mpangilio wa kuvuta na kutoa hutoka kwenye kikundi kidogo cha chembe hai katika shina la ubongo, kilichoelezwa na Jack Feldman na wenzake mwaka 1991. Kinaitwa preBötzinger, kwa kuwa kimepakana na kikundi kingine, Bötzinger, kilichopewa jina la mvinyo uliokuwa mezani wakati wa mkutano mmoja wa wanasayansi Ujerumani. (Wanasayansi nao ni watu.) Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwaondolea panya chembe chache, hazifiki 200, zinazopeleka habari za pumzi kwenye sehemu inayouamsha ubongo. Panya wale waliendelea kupumua, lakini walibadilika tabia. Wakiwekwa kwenye kizimba kigeni, badala ya kunusanusa kila pembe, walikaa wakijilamba.

Mtu mzima pia hushusha pumzi bila kujua, kila baada ya dakika tano hivi. Si huzuni. Vifuko vya hewa mapafuni huwa vinanywea kimoja kimoja, na pumzi moja kubwa huvifungua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliigeuza hiyo kuwa zoezi: vuta kwa pua, ongeza kidogo juu yake, kisha itoe yote polepole kwa mdomo; dakika tano kila siku, kwa mwezi mmoja. Waliofanya hivyo walilinganishwa na watu waliofanya mazoezi mengine ya pumzi, na wengine waliokaa kimya wakitafakari. Wasiwasi ulipungua kwa makundi yote, hilo lisemwe wazi. Waliokuwa wakishusha pumzi ndefu ndio waliochangamka zaidi.

Bibi zetu hawakuhitaji Stanford. Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudia maneno ya ibada ya Kibuddha. Vyote viwili viliishusha pumzi hadi mara sita hivi kwa dakika, wakati kwa kawaida mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Mara sita ni kila sekunde kumi, na mawimbi ya asili ya presha ya damu nayo hupanda na kushuka kwa mwendo huohuo. Pumzi na damu zinapokutana hapo, moyo huingia kwenye mdundo mmoja mpana. Nikisikia jirani yangu akivuta uradi baada ya alfajiri, tasbihi ikigonga punje kwa punje, au mama akimbembeleza mtoto kwa mlio mrefu wa puani, nahisi nasikia kitu kilekile. Rozari ya jumuiya yetu siitaji hapa. Kuna akina mama wanaoisali kwa kasi ya mnada wa ng'ombe.

Haya yote yana mpaka wake. Pumzi hailipi kodi ya nyumba wala haimrudishi kazini aliyeachishwa. Wapo ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia hofu. Hao watembee kidogo, au washike kitu cha baridi mkononi. Na wasiwasi unaokunyima usingizi na kazi kwa wiki kadhaa, au moyo unaokwenda mbio bila sababu, ni wa kupeleka kwa daktari, maana tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, huja na sura hiyohiyo. Wengi wakisikia daktari wa akili wanaiwaza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe na geti lake, wakati wanachohitaji mara nyingi ni kiti, mtu wa kuwasikiliza, na pengine vidonge.

Nesi aliandika namba ya pili, akaniambia nipime tena nyumbani asubuhi kwa wiki moja, niandike. "Na usiongee na mashine," akaongeza. Nikamshukuru, nikatoka nikiwa mwepesi. Goti nililikumbuka nilipofika kwenye ngazi za kushukia.