Picha za Mwezini na Kimondo cha Mbozi

Tarehe 7 Desemba, 1972, saa saba na dakika 39 mchana kwa saa za Afrika ya Mashariki, wanaanga watatu wa chombo cha Apollo 17 walikuwa safarini kwenda Mwezini. Saa tano zilikuwa zimepita tangu waondoke Florida, na walikuwa umbali wa kilomita 29,000 hivi kutoka duniani. Jua lilikuwa nyuma yao; hivyo dunia waliyoiacha ilionekana duara kamili, bila sehemu yenye giza. Mmoja wao akaipiga picha. Bara Arabu, Afrika na Bukini zaonekana humo, pamoja na barafu ya Ncha ya Kusini. Katika filamu yenyewe kusini ndiko kulikokuwa juu, wachapishaji waliigeuza.

Tunduma nayo imo katika picha hiyo. Wakati ule mji huo ulikuwa katika Mkoa wa Mbeya, kwani Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, na reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa. Lakini msomaji asijichoshe kuutafuta. Lenzi ya milimita 80 iliyotumika iliipunguza dunia, yenye kipenyo cha kilomita 12,700 hivi, hadi duara la milimita 29 kwenye filamu. Milimita moja ilibeba karibu kilomita 400. Barabara yote ya kutoka Mbeya hadi Tunduma, yenye kilomita 100 hivi, haikupata zaidi ya robo ya milimita.

Hesabu hii ndogo yatufunza kwamba picha ya kisayansi haithaminiwi kwa uzuri wake tu. Thamani yake kubwa ni kwamba yaweza kupimwa.

Picha kama kipimo

Kati ya Julai 1969 na Desemba 1972, watu 12 walitembea juu ya Mwezi. Ndani ya kamera za Hasselblad walizotumia huko kulikuwa na kioo kilichochorwa alama za msalaba, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja. Alama hizo zilijitokeza katika kila picha. Iwapo filamu ilivutika au kujikunja wakati wa kusafishwa, alama zilifichua kasoro hiyo.

Tena, karibu na mawe waliyotaka kuyachukua, wanaanga walisimamisha kifaa chenye miguu mitatu na kijiti kilichoning'inia wima. Urefu wa kijiti ulijulikana, nao ulitoa kipimo cha mawe. Kivuli chake kilionyesha upande wa Jua, na rangi zilizopakwa kwenye kifaa zilisaidia kupata rangi halisi ya udongo.

Utaratibu ulikuwa huu: piga picha, chukua jiwe, kisha piga picha tena. Sababu yake ni kwamba jiwe likiisha kuondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake. Upande upi ulitazama juu? Lilizama udongoni kiasi gani? Wataalamu duniani waliyaweka baadhi ya mawe hayo chini ya taa na kuyageuza mpaka vivuli vyake vikalingana na vile vya pichani. Ndivyo walivyojua jinsi yalivyokaa huko Mwezini.

Mgeni wetu kutoka angani

Mkoa wa Songwe nao una jiwe lililotoka mbali. Kimondo cha Mbozi, kilichoko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kina urefu wa mita tatu hivi. Uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Asilimia 90 hivi ya kimondo hicho ni chuma, na karibu sehemu yote iliyobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini wanasayansi walipata habari zake mwaka 1930. Wakati huo sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa wazi. Udongo ukachimbwa pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, ambayo baadaye iliimarishwa kwa saruji.

Wageni wengi huuliza: shimo la kuanguka kwake liko wapi? Picha za Mwezi zatusaidia kujibu. Huko mashimo yamejaa, moja juu ya jingine, kwa sababu hakuna hewa ya kupunguza kasi ya mawe yanayoanguka, wala mvua ya kufuta makovu. Hata njia zilizoachwa na nyayo za wanaanga zilionekana bado katika picha zilizopigwa na chombo kinachozunguka Mwezi, miaka 40 hivi baadaye. Kwetu sisi, hewa huyapunguzia mawe kasi, na alama yoyote inayobaki hufutwa na mvua, mizizi na jembe.

Kwa hiyo mashahidi waliosalia Mbozi ni kimondo chenyewe na mahali kilipo. Anayekivunja kipande ili apate kumbukumbu aharibu ushahidi usioweza kurudishwa.

Mkulima au mwanafunzi akikuta jiwe zito lisilo la kawaida, au mfupa uliogeuka jiwe, asiling'oe. Na aweke rula kando yake, aonyeshe upande wa kaskazini, na kulipiga picha pande zote, hata kwa simu. Kisha atoe taarifa kwa ofisi ya wilaya. Wanaanga waliosafiri kilomita 380,000 hawakuona utaratibu huo kuwa kazi bure. Nasi hatuna sababu ya kuudharau.