Picha ya Kadi: Mwanga Kwanza



Kadi ya chama, kitambulisho cha getini, barua ya kuomba kazi, kila karatasi yataka picha. Wengi wetu hapa Bujumbura sasa tunajipiga nyumbani kwa simu, na si vibaya. Ubaya ni pale picha inaporudishwa kwa kuwa uso hauonekani, na nusu siku uliyopoteza huko hailipwi. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alirudishwa mara mbili.

Kosa si la uso wake. Kamera hupima mwanga wa vyote vilivyo mbele yake. Ukisimama kwenye ukuta mweupe unaong'aa, huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso mweusi ukabaki kivuli. Tabu hii ni ya zamani. Kwa miaka mingi rangi za picha za Kodak zilisawazishwa kwa kadi ya mwanamke Mzungu. Waliosaidia kuleta mabadiliko ni watengenezaji wa fanicha na chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazitoki vizuri. Mbao zilipata watetezi!

Basi tufanye hivi. Saa sita mchana jua la kwetu huwa karibu na utosi na macho hujaa kivuli, kwa hiyo tungoje saa mbili asubuhi au saa kumi alasiri. Kaa ndani, hatua moja kutoka mlangoni, ukitazama nje. Mlango ndio taa yako. Tundika shuka jeupe lisilo na maua, mbali kidogo nyuma yako, ili uso upate mwanga kuliko shuka.

Futa kioo cha kamera, maana mikono yetu ina mafuta ya mashine. Jirani aishike simu usawa wa macho yako, hatua mbili mbele; ikikaribia sana hukuza pua. Aguse uso wako kwenye kioo cha simu, kamera ipime hapo. Vua kofia na miwani, funga mdomo. Programu za kung'arisha ngozi tuziache: mlinzi anatafuta sura yako, si ya mwingine.

Acha nafasi kuzunguka kichwa, kwani picha ya pasipoti hukatwa milimita 35 kwa 45. Studio ipelekee picha yenyewe kutoka kwenye simu, si ile iliyokwisha kutumwa kwa WhatsApp, ambayo mara nyingi hupungua ubora.