Je, Wajua? Jeni Inaweza Kunyamazishwa

Jeni hutoa maagizo yake ndani ya seli kwa njia ya RNA. Mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walionyesha, kwa kutumia mnyoo mdogo sana, kwamba RNA yenye nyuzi mbili ikiingia mwilini hukatwakatwa, na vipande vyake huisaka RNA inayofanana navyo na kuiharibu. Agizo halifiki, jeni inanyamaza. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Kwetu jambo hili linagusa chakula. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo uliripotiwa kutoka Amani, Tanga, mwaka 1936, na ni ugonjwa wa hila: majani yanaweza kuonekana mazima kabisa, lakini ukipasua muhogo wenyewe unakuta mabaka makavu ya kahawia, na jasho la mwaka mzima limekwenda bure. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani wameunda muhogo unaonyamazisha jeni za virusi vinavyosababisha ugonjwa huu, na mwaka 2021 Kenya iliuidhinisha utoke kwenye majaribio ya mashamba yaliyotengwa.

Kazi bado ni tele, hata upande wa wadudu, na vijana wetu wanaihitaji. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kinalea watafiti wa shahada ya uzamivu wa sayansi ya wadudu tangu 1983. Mwanafunzi husajiliwa chuo kikuu, utafiti akaufanyia kituoni. Kwa mfano, nzi weupe, wanaosambaza virusi vya muhogo, nao wana jeni zinazoweza kunyamazishwa.