Marafiki Waliotangulia

Mpe mzee picha ya studio ya miaka ya 1970, ile ya vijana wanne waliovaa bugaluu wakasimama bega kwa bega mbele ya pazia la mpiga picha. Atapitisha kidole juu ya nyuso: "Huyu katangulia. Huyu naye, mwaka juzi. Huyu ndiye aliyenifundisha baiskeli." Hapo kidole hakiendi mbele tena.

Kwa nini wanaomgusa hivyo ni hao, na si jirani aliyezikwa mwezi uliopita? Wanasaikolojia wameligundua hili mara nyingi: watu waliovuka miaka 40, wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ndio umri wa mshahara wa kwanza, mapenzi ya kwanza, safari ya kwanza mbali na nyumbani. Na shahidi wa mambo hayo mara nyingi si mke wala mtoto, bali rafiki.

Mwaka 1985 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jinsi watu wawili waliozoeana wanavyogawana kazi ya kukumbuka: mmoja anashika majina, mwenziwe anashika njia na tarehe. Ndiyo maana msiba wa rafiki wa zamani una uchungu wa aina yake. Amekwenda na sehemu ya kumbukumbu zako, na hakuna tena wa kukwambia, "Hapana bwana, haikuwa Tanga, ilikuwa Korogwe."

Uchungu huo haupewi nafasi. Mjane wa Kiislamu ana eda. Watoto wanapewa mkono wa pole. Rafiki wa miaka hamsini hushika jeneza, hutoa rambirambi, hukaa chini ya turubai pamoja na majirani, na tanga likivunjwa hurudi kwake bila kuulizwa analalaje. Mtaalamu wa majonzi, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 juu ya majonzi ya namna hii, yasiyotambuliwa na jamii. Sioni kundi linaloonewa zaidi katika hilo kuliko wazee.

Zamani hata madaktari waliyaona masimulizi ya wazee kuwa dalili ya akili kuchoka. Daktari wa magonjwa ya akili, Robert Butler, alilipinga hilo mwaka 1963: kurudia yaliyopita, alisema, ni kazi ya kawaida ya uzeeni, ya kuyapima maisha. Naye mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alieleza imani ya jamii nyingi za Kiafrika kwamba marehemu hubaki karibu maadamu yupo hai aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina. Kwangu mimi, hakuna maelezo mazito kuliko hayo.

Basi mzee akimtaja sahibu yake marehemu, usimkatize wala usimpoze kwa "ndiyo dunia." Muulize alikuwa mtu wa namna gani. Kisha chukua penseli, uandike majina nyuma ya picha angali yupo wa kuyataja.