Usiweke siri na ufunguo wake mahali pamoja

Mvua za masika za 2024 ziliwafunza wakazi wa Mathare, Nairobi, jambo chungu kuhusu karatasi. Mto ulipofurika mwezi Aprili, maji yalizoa magodoro, sare za shule na vyeti. Muda mfupi baadaye serikali ikaamuru wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakafuata. Walionusurika walianza kuhangaikia upya vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya shule.

Si ajabu basi kwamba wengi mitaani Eastlands sasa hupiga picha kila hati muhimu na kuiweka kwenye simu. Wazo ni jema. Lakini simu nayo ina maadui wake. Matatu ikikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road dirisha likiwa wazi, mkono hupenya na simu ikaondoka. Ndani yake mna picha ya kitambulisho pande zote mbili, picha ya kadi ya benki na nywila zilizoandikwa kwenye ujumbe ambao mwenyewe alijitumia WhatsApp. Mna pia laini inayopokea nambari za kuthibitisha akaunti zote hizo. Mwizi amepata siri, amepata na ufunguo.

Siri nyingine hata hazipo kwenye simu. Ziko saiba, kwenye vibanda vya intaneti. Kuanzia Kayole hadi Kariobangi, saiba ndizo zimewafungulia watu akaunti za eCitizen (huduma za serikali), KRA (kodi) na HELB (mikopo ya wanafunzi), na mazungumzo ya kaunta huwa ya namna hii:

“Mwanangu, ile pasiwadi uliniwekea ni gani?”

“Ni ileile, mama. Jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Iko hapa kwa kitabu.”

Kijana huyo huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini kitabu chake hukaa wazi mezani, kompyuta yake hutumiwa na kila anayeingia, na siku akiacha kazi, anayemrithi hurithi pia siri za mtaa mzima.

Kabla ya kuchagua pa kuhifadhi taarifa zako, jiulize maswali mawili: namficha nani, na nikipoteza kifaa hiki nitazipataje tena? Anayemwogopa mnyakuzi wa simu na anayemwogopa mtu wa nyumbani hawahitaji kinga moja. Hata hivyo, kanuni moja inawafaa wote: siri na ufunguo wake visikae mahali pamoja.

Anza na simu yenyewe. Simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 10 ya mwaka 2019, au toleo la baadaye, hugeuza data iliyomo kuwa mafumbo yasiyosomeka, hata zile za bei nafuu. Kinga hiyo haina maana kama skrini haifungwi. Weka nambari ya siri ya tarakimu sita, isiyotokana na mwaka wako wa kuzaliwa wala nambari yako ya siri ya M-Pesa. Zuia pia ujumbe usionekane skrini ikiwa imefungwa.

Kisha funga laini. Mwizi asiyeweza kufungua simu huchomoa laini, akaitia kwenye simu nyingine na kusubiri nambari za kubadilishia nywila. Ukiwasha nambari ya siri ya laini katika mipangilio ya simu, laini haitafanya kazi kwingine bila nambari hiyo. Walio kwenye Safaricom wanaweza pia kubonyeza *100*100# ili laini yao isibadilishwe na wakala wa mtaani.

Nywila zihamishie kwenye programu maalumu ya kuzitunza, kama Bitwarden au KeePass, ambazo hupatikana bila malipo. Programu hufunga nywila zako zote kwa nywila kuu moja, na hiyo moja ndiyo utakayoikariri. Iwe ndefu: maneno matano yasiyohusiana hushinda jina la mtoto na alama ya mshangao. Mwaka 2022 wadukuzi waliiba nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, kampuni ya Marekani. Nywila zilizokuwamo zilikuwa zimefungwa, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao nywila yao kuu ilikuwa dhaifu. Picha za vyeti nazo zitoe kwenye galari, uziweke ndani ya folda salama ya programu ya Files ya Google, na nakala kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila.

Karatasi bado ina kazi. Andika nywila kuu na nambari za akiba za akaunti yako ya Google, tia katika bahasha mbili, weka moja nyumbani na nyingine kwa mtu unayemwamini ushago. Moto ukizuka Mukuru au mto ukifurika tena, bahasha moja itabaki. Bahasha hiyo pia ni ya warithi wako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa za marehemu zilizolala kwenye simu au benki bila kudaiwa huishia kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, huku jamaa wakichangisha za mazishi.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu, zilizopatikana kutoka kwa wengine, kuwatumia vitisho. Ilikuwa haki, lakini faini huja baada ya madhara. Nambari iliyokwisha kusambaa hairudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo wikendi hii keti na mzazi wako, umsaidie kubadilisha nywila za eCitizen na KRA akiwa nyumbani, kwa simu yake mwenyewe. Azichague yeye, aziandike yeye. Kisha mwende saiba pamoja, mwombe kwa heshima zile za zamani zifutwe kwenye kitabu.